Mwongozo kamili: kutoka kwenda kula na rafiki kwenye mgahawa wa mtaani, Moshi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu jambo hili yanafanana. Watu walingoja nyama mpaka hamu ikaisha. Bili ilikuja kubwa kuliko walivyotegemea, wakaanza kutazamana. Muziki ulikuwa juu, wakarudi nyumbani bila kuongea lile lililowatoa. Ukichunguza, chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa kizuri. Kilichoharibu jioni ni mambo ambayo yangemalizwa kabla mtu hajatoka kwake.

Mwongozo huu ni wa migahawa midogo ya mitaani: Soweto, Majengo, Pasua, Rau, Kiborloni na kwingineko. Ile yenye meza chache, jiko la mkaa uani, na mwenye mgahawa anayewajua wateja wake kwa majina. Wa Arusha naye atautumia vilevile, abadilishe tu mitaa: Njiro, Sakina, Kijenge.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, zile za mwisho zitakusumbua.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pesa za aina mbili: taslimu kiasi, na salio kwenye simu. Mtandao ukigoma una noti, na chenji ikikosekana una simu.
- Namba ya simu ya mgahawa, na ikiwezekana ya anayesimamia jiko.
- Saa tatu za nafasi. Mkiwa na saa moja tu, kuleni chipsi mayai. Nyama ya mkaa haina haraka.
- Sweta au koti jepesi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Moshi jioni si ya kudharau, na meza nyingi nzuri ziko nje.
- Namba ya dereva unayemwamini, wa bajaji, bodaboda au teksi, kwa ajili ya kurudi.
- Orodha ya vitu asivyokula rafiki yako. Hii utaipata katika hatua ya 1.

## Hatua ya 1: Malizeni pesa na chakula kabla ya siku yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kwetu anayemwalika mwenzake ndiye anayelipa. Tatizo huja pale mwaliko unapokuwa nusunusu: "Jumamosi tuonane basi, tule kitu." Wewe unadhani mnachangia, mwenzako anajua ameitwa, na amekuja na nauli tu. Sema wazi, kwa upole, siku mbili tatu kabla.

Ukiwa unalipa wewe: "Jumamosi nakutoa, jioni hiyo ni juu yangu."

Mkiwa mnachanga: "Jumamosi tutoke, tuchange nusu kwa nusu. Mimi nimepanga kama elfu kumi na tano, wewe unaonaje?"

Kutaja kiasi ndiyo siri yenyewe. Mwenzako akiwa na mwezi mgumu anapata mwanya wa kusema tusogeze mbele, au tukanywe chai na chapati, bila kuaibika. Ukimshtukiza na bili hatakwambia kitu. Atakopa kwenye simu alipe, atacheka, na mwezi ujao atakuwa na udhuru kila unapomtafuta. Urafiki mwingi umepoa kwa namna hiyo, na mtu mwingine wala hajui kosa lake.

Hesabu yenyewe ifanye hivi. Bei ninazoweka ni za mfano tu, weka za mgahawa wako:

- Nyama ya mbuzi robo tatu ya kilo, kilo ikiwa 16,000: shilingi 12,000
- Ndizi za kuchoma sahani 2, kwa 2,000: shilingi 4,000
- Mtori, ile supu ya ndizi na nyama, bakuli 2, kwa 2,500: shilingi 5,000
- Soda na maji, chupa 4 kwa 1,000: shilingi 4,000

Jumla 25,000. Ongeza robo yake kama akiba, 6,250. Bajeti yenu basi ni kama 31,000, bila usafiri. Akiba hiyo ni ya kachumbari inayouzwa pembeni, soda ya tatu, na rafiki wa rafiki atakayewakuta mezani. Huyo hutokea sana, Moshi ni mji mdogo.

Sasa chakula. Usikisie. Uliza moja kwa moja: "Kuna kitu hutumii?" Migahawa mingi ya Moshi na Arusha inachoma kitimoto, yaani nguruwe, na baadhi hutumia jiko moja, kisu kimoja na gogo moja la kukatia kwa nyama zote. Ukiwa na rafiki Mwislamu, haitoshi kwamba nyinyi mmeagiza mbuzi. Tafuta mgahawa usiochoma nguruwe kabisa. Msabato naye hali nguruwe, na Jumamosi hatatoka kwa starehe kabla jua halijazama. Wakati wa Kwaresma, Wakatoliki wengi hawagusi nyama siku ya Ijumaa, basi tafuta penye samaki, au kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage. Mwezi wa Ramadhani panga saa ya kufuturu, na meza iwe tayari kabla ya adhana.

Utajua umefaulu mnapokuwa mmekubaliana vitu vitatu kwa ujumbe ulioandikwa: nani analipa, kiasi gani, na nini hakiletwi mezani.

## Hatua ya 2: Kauone mgahawa kabla ya kumpeleka mtu

Usimpeleke rafiki mahali ulipopasikia tu. Pita peke yako siku ya kawaida, agiza bakuli la mtori au chai, kaa robo saa uangalie.

Jiko. Jiko zuri lina makaa yaliyokolea, mekundu yenye majivu meupe juu, bila miali. Miali inababua nyama nje na kuiacha mbichi ndani. Mchomaji anayeumwagia moto maji kila dakika hajasubiri mkaa ukolee.

Gogo na kisu. Tazama kama nyama mbichi na iliyoiva zinakatiwa mahali pamoja. Kama ni pamoja na hapaoshwi katikati, ondoka. Hapo sibembelezi mtu: maji ya nyama mbichi yakigusa iliyoiva yanaweza kuwalaza nyote wawili kesho yake.

Maji ya kunawa. Bomba, au jagi na beseni, sabuni ikiwepo. Angalia na choo. Mgahawa unaotunza choo kwa kawaida unatunza na jiko.

Sauti. Spika ziko wapi? Televisheni je? Panapoonyeshwa mpira, uliza wanawasha lini.

Bei. Je, zimeandikwa ukutani au kwenye menyu? Kama hazijaandikwa, uliza kilo ya nyama ni kiasi gani leo, uandike kwenye simu. Itakusaidia hatua ya 9.

Kabla hujaondoka, msalimie mwenye mgahawa na ujitambulishe. Kama ni mama wa makamo, "Shikamoo mama, chakula chako kizuri, Jumamosi nakuletea mgeni" inafungua mlango ambao pesa haifungui. Atakukumbuka.

## Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Saa ninayoipendelea ni kumi na moja jioni. Sababu ni tatu. Jiko limeshawaka lakini oda bado chache, kwa hiyo nyama yenu inatangulia. Jua Moshi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, mnapata mwanga wa kuangalia nyama ikipimwa. Tena jioni ndipo mawingu yanapopenda kuachia mlima. Mkiwa na meza inayotazama kaskazini, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaweza kujitokeza mkiwa katikati ya maongezi, nyekundu kidogo upande wa machweo. Hakuna mgahawa unaotoza kwa hilo.

Siku za kukwepa:

- Siku ya Simba na Yanga. Hata mgahawa uliotulia kuliko yote unageuka uwanja. Angalia ratiba ya ligi kwanza.
- Jumapili mchana baada ya ibada. Familia nzima zinatoka kanisani na nguo zao nzuri, meza zinaunganishwa, na jiko linazidiwa.
- Wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kila pembe. Mji unafurika, mbuzi wanapanda bei. Kama ni lazima, weka oda siku mbili kabla na ulipe kianzio.
- Masika, Machi hadi Mei, kama meza zote ziko nje na paa ni turubai.

Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku tulivu. Mwenye mgahawa ana muda na nyinyi, na mchomaji hana presha.

## Hatua ya 4: Piga simu

Piga asubuhi ya siku hiyo. Usitume ujumbe. Simu ya jikoni mara nyingi iko mfukoni mwa aproni, na ujumbe utasomwa jioni mkishafika.

Sema mambo manne: mko wangapi, mnafika saa ngapi, mnataka meza gani, na chakula gani kiandaliwe mapema. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine. Kuku wa kienyeji huchemshwa zaidi ya saa nzima kabla hajawa laini, halafu ndipo anachomwa au kuungwa. Machalari inataka ndizi zimenywe, nyama ichemke, kisha viive pamoja taratibu. Ukifika ukaagiza vitu hivi mezani, mmekwisha. Ukiviagiza kwa simu, mnavikuta.

Mfano wa simu: "Habari za kazi dada? Leo saa kumi na moja nakuja na mwenzangu, tuko wawili. Naomba ile meza ya chini ya mwembe. Utuwekee mtori bakuli mbili, na mbuzi tutachagua wenyewe tukifika."

Onyo: usiruhusu nyama ya kuchoma ianze kabla hamjafika, hata mkiambiwa ni kuwasaidia. Hamtaiona ikipimwa, na mkichelewa kidogo inakauka ikiwangoja.

## Hatua ya 5: Meza

Fika dakika kumi kabla ya rafiki yako. Kaa mbali na spika, mbali na njia ya kwenda chooni, na upande ambao upepo hauwaletei moshi wa jiko. Mwachie mwenzako kiti kinachotazama watu au mlima, wewe utazame ukuta.

Muziki ukiwa juu, omba mara moja mwanzoni, kwa adabu: "Kaka, samahani, naomba utupunguzie kidogo upande huu." Ukingoja mpaka umeudhika, sauti yako yenyewe itakuwa imebadilika.

## Hatua ya 6: Agizeni kinachochelewa kwanza

Hii ndiyo hatua inayookoa au kuzamisha jioni.

Watu wengi wakikaa wanaagiza soda, wanaanza hadithi, na baada ya nusu saa ndipo wanakumbuka nyama. Geuza mpangilio. Kabla hata ya soda, nyanyukeni wote wawili mwende kwenye nyama.

Kuchagua kipande. Mbuzi wa kuchoma, chukua mbavu au paja la mbele. Mbavu zina mafuta membamba yanayoyeyuka na kuilainisha nyama, na utamu wake uko kwenye mfupa. Paja la nyuma lina nyama nyingi lakini hukauka haraka mchomaji akisahau. Kwa ng'ombe, omba sarara, ile nyama laini ya mgongoni, au nundu kama ipo. Nundu ina mafuta, na wengine hawaiwezi, lakini ikichomwa polepole mpaka nje ikauke na ndani ibaki na unyevu, ni chakula cha kukumbuka. Nyama ya ng'ombe ya shingo na mguu waachie watu wa supu.

Nyama mbichi nzuri ni nyekundu, kavu kidogo juu, na ukiibonyeza inarudi. Ikiwa inanata au ina harufu kali, acha. Muhuri wa mkaguzi wa nyama ukionekana kwenye kipande kikubwa kilichoning'inizwa, ni dalili njema kwamba mnyama alikaguliwa.

Kupima. Nyama hupimwa ikiwa mbichi, na unalipia uzito huo. Angalia mzani unaanza sifuri. Angalia karatasi au sahani haihesabiwi kama nyama. Ukiona kipande kimeongezwa "kujaza kilo" na ni mfupa mtupu, sema palepale: "Kaka, hicho nibadilishie." Hakuna ugomvi hapo, ndiyo biashara ya bucha ilivyo, na anayeuza anajua.

Nyama ikichomwa hupoteza takriban robo ya uzito wake, na ikikaa motoni sana inapoteza zaidi. Kwa hiyo kilo moja ya mbuzi, ukitoa na mifupa, si nyingi kama inavyosikika. Wawili wanaokula na mtori na ndizi, robo tatu inawatosha. Bila mtori, chukueni kilo. Mkiagiza kilo mbili "tusije tukapungukiwa", mtabeba nyama baridi nyumbani na bili nzito.

Maelekezo kwa mchomaji. Mpe matatu tu, mbele ya nyama:

1. Chumvi kidogo wakati wa kuchoma, nyingine iletwe pembeni.
2. Achome kipande kizima, akate kikishaiva. Ikikatwa vipande vidogo kabla, maji yote yanaishia kwenye makaa.
3. Isikaushwe. Useme mnaitaka imeiva mpaka ndani lakini yenye maji yake.

Kisha muulize: "Itachukua muda gani?" Akisema dakika ishirini kwa mbavu nzima, hajahesabu vizuri au jiko lina miali. Kwa kawaida mbavu za mbuzi huchukua karibu saa moja kwenye moto wa wastani. Mshukuru, mwite kwa jina kama mnajuana, kumbuka kipande chenu kilivyo, na mrudi mezani. Kukumbuka kipande si wivu. Jioni yenye watu wengi vipande hubadilishana kwenye jiko, na mwenye mbavu anajikuta anatafuna shingo.

Ndizi ziagize sasa, ziwekwe motoni baadaye. Ndizi za kuchoma zinaiva haraka kuliko nyama. Zikiwekwa pamoja na nyama zitafika meza ikiwa tupu, au zitangoja zikauke kama kuni. Sema: "Ndizi uziweke nyama ikikaribia."

Utajua umefaulu ukirudi mezani na majibu ya maswali matatu: kipande kipi, uzito gani, saa ngapi.

## Hatua ya 7: Saa ya kungoja

Saa hii wengi wanaiogopa, na mimi naona ndiyo sababu ya kutoka. Nyama ya mkaa inawapa saa nzima ambayo hakuna anayetafuna, wala mtoto anayeita, na jiko si lenu.

Mtori uje hapa. Nyama yenye mifupa imechemshwa, ndizi zimepondwa ndani yake mpaka zimekuwa kama uji mzito. Unatuliza njaa bila kuimaliza. Kunyweni polepole, ukiwa wa moto. Ukipoa unashika na ladha inajificha. Pilipili ya kuponda weka tone moja pembeni ya bakuli, uchanganye kila kijiko ukitaka, kwa sababu ukiitia yote huwezi kuitoa.

Pombe, kama mnatumia, isubiri chakula. Bia mbili kwenye tumbo tupu zinaharakisha maongezi kufika mahali hayakupaswa kufika.

Simu zilale mfukoni. Kama una jambo zito la kumwambia rafiki yako, la mkopo, la ndoa, la ugonjwa, liseme sasa, wakati wa mtori. Nyama ikishafika mikono ina kazi, na baada ya kula watu wanasinzia. Usilisogeze mpaka wakati wa bili. Hapo litasikika kama deni jingine.

Ikipita dakika arobaini, nenda mwenyewe jikoni ukaangalie. Usimtume mhudumu, yeye atasema "bado kidogo" kwa sababu ndicho anachoambiwa. Ukiona rangi ya nje imekuwa kahawia na mafuta yanadondoka, mwambie aweke ndizi.

## Hatua ya 8: Mezani

Naweni kabla sinia halijatua. Mhudumu akileta jagi na beseni, mgeni ananawa kwanza.

Nyama ije kwenye gogo au sinia moja, imekatwa, chumvi pembeni, kachumbari kwenye kibakuli chake. Kachumbari iwe ya muda huohuo: nyanya inakamata kisu, kitunguu kina ukali, ndimu imekamuliwa sasa hivi. Ikiwa imeachia maji mengi na kitunguu kimelegea, ilikatwa mchana. Omba nyingine, au iache.

Kateni kipande kinene kimoja kwanza mtazame ndani. Maji yanayotoka yawe meupe au ya kahawia. Yakiwa mekundu na nyama ina baridi katikati, rudisheni palepale kabla hamjagusa kingine: "Dada, hii bado, naomba arudishe dakika kumi." Mchomaji makini hatakasirika. Hasira huja mtu anapokula nusu ndipo alalamike.

Kipande kizuri, ule ubavu wa mwisho wenye mafuta yaliyokauka juu, msogezee mwenzako. Atakurudishia. Mtasukumiana kidogo mpaka mmoja akubali, na hiyo ni sehemu ya chakula.

Kuleni kwa mkono. Uma kwenye mbavu za mbuzi unaacha nusu ya utamu mfupani.

## Hatua ya 9: Bili

Iombe nyama ikiwa imebaki kidogo, msingoje mpaka mmesimama. Isome mstari kwa mstari. Una bei ulizoandika hatua ya 2 na uzito wa hatua ya 6, kwa hiyo kazi ni ya dakika mbili.

Makosa ya kawaida ni haya: vinywaji vya meza ya jirani, kachumbari iliyodhaniwa bure, na kilo iliyoandikwa kamili wakati mlichukua robo tatu. Ukikuta kosa, mwite mhudumu pembeni umwonyeshe. Usipaze sauti mbele ya mwajiri wake. Mara nyingi ni haraka tu ya kuandika, na kwa sauti ya juu unaweza kumkosesha kibarua.

Kama unalipa wewe, njia ya heshima ni kunyanyuka kama unaenda kunawa na kumalizana kaunta. Rafiki yako asiione bili kabisa. Kama mnachanga, mmoja alipe yote na mwingine amrushie palepale mezani, kabla ya kuagana. "Nitakutumia kesho" ndiyo inayozaa manung'uniko.

Ukilipa kwa simu, tumia Lipa Namba iliyobandikwa, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Liwe la mgahawa au la mwenye mgahawa. Ukiambiwa utume kwenye namba ya kawaida ya mtu, uliza kwanza ni ya nani, na kumbuka kuna ada ya kutuma. Onyesha ujumbe wa malipo, uuhifadhi mpaka mmeondoka.

Dai risiti. Mgahawa wenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, unatakiwa kukutolea, na kiasi kilichomo kiwe kilekile ulicholipa.

Pesa ya asante kwa mhudumu na kwa mchomaji si lazima, ila ukiwa nayo, mpe kila mmoja mkononi mwake. Ukiiacha mezani, au ukimpa mmoja awagawie, mchomaji aliyesimama kwenye moto saa nzima anaweza asiione. Kumsifia mbele ya mwenye mgahawa nako ni malipo: "Mama, kijana wako anajua kuchoma." Ukirudi mwezi ujao, mbavu zako zitachaguliwa kabla hujasema.

## Hatua ya 10: Kurudi

Mpigie dereva wakati mnalipa, msimpigie mkiwa barabarani gizani. Aliyekunywa haendeshi, awe na gari au pikipiki. Mkipanda bodaboda, kila mmoja na yake na kofia ngumu. Mshikaki, yaani watu watatu kwenye pikipiki moja, si wa kufanyia mchezo usiku.

Rafiki yako apande kwanza, ukiwa unaona. Akifika akutumie ujumbe.

Nyama iliyobaki waombe wawafungie kwenye foili, ndizi peke yake, kachumbari iachwe. Ukifika nyumbani iweke kwenye friji moja kwa moja, isizidi saa mbili tangu itoke jikoni. Kama huna friji, ichemshe usiku huohuo. Asubuhi itumbukize kwenye sufuria na maji kidogo, kitunguu na nyanya, ichemke sawasawa dakika kumi. Inatoa rosti ya kutosha chapati mbili, na hapo ndipo unaweza kumpigia mwenzako kumuuliza kama yake naye ameila.